Mwongozo kamili wa kuchagua na kuivalisha gari nyepesi ya spoti, mfano wangu ni Roadster

Kabla hujanunua rimu, kabla hujaongea na fundi rangi, kabla hujaanza kutafuta spoila mtandaoni, ipeleke gari yako kwenye mizani. Wauza vyuma chakavu wanayo, viwanda vya saruji wanayo, lipa hela kidogo upime. Weka mafuta nusu tanki, toa kila kitu kwenye buti, wewe mwenyewe shuka, alafu andika namba uliyoipata kwenye daftari. Mizani za malori nyingi zinaruka kilo 20 kwa 20, kwa hiyo hautapata uzito wa mpaka gramu, lakini utapata pa kuanzia, na bila pa kuanzia utakuwa unaongeza vitu kwa kupapasa tu.

Yangu mimi ni Eunos Roadster ya 1991, gari ndogo ya Mazda ya viti viwili yenye paa la turubai la kukunja, ile ya injini 1.6, nimeinunua Dar kwa jamaa ambaye alikuwa anaipenda sana na kila mwaka alikuwa anaiongezea kitu, mwaka huu rimu kubwa, mwaka kesho sabufa, mwaka unaofuata sketi za pembeni. Siku naipandisha kwenye mizani ilisoma 1,040. Gari hiyohiyo kutoka kiwandani Japan ilikuwa na kama kilo 940. Kilo mia jamani, hiyo ni mifuko miwili ya saruji unatembea nayo kila siku, unapanda nayo mlima, unakata nayo kona, unafunga nayo breki, na mifuko yenyewe haina kazi yoyote.

Ndo maana nimeamua kuandika huu mwongozo. Watu wengi wakinunua gari ndogo ya spoti wanaanza kuivalisha kama wanavyovalisha gari zingine, na hapo ndipo wanapoipoteza. Hizi gari uzuri wake umetokana na vitu ambavyo havikuwekwa. Ukishalielewa hilo, kila uamuzi mwingine unakuwa mwepesi, kuanzia rimu mpaka rangi ya viti.

Uzito unafanya nini hasa

Piga hesabu kidogo. Injini ya 1.6 ya Roadster ya kwanza kwa soko la Japan ilikuwa na hosipawa 120. Gawa kwa kilo 940, unapata kama hosipawa 128 kwa kila tani. Sasa chukua gari ndefu ya familia ya kilo 1,800 hivi, ili ifikie uwiano uleule inahitaji hosipawa kama 230. Na hata ikizipata bado haijawa sawa, maana kwenye kona na kwenye breki injini haikusaidii chochote, pale ni tairi na uzito tu. Gari yenye uzito mara mbili ikiwa kwenye spidi ileile inabeba nguvu mara mbili ambayo breki lazima ziimeze yote. Ndo maana gari nyepesi inaridhika na diski ndogo, tairi nyembamba, springi laini, na kila kimoja kati ya hivyo nacho ni chepesi, kwa hiyo wepesi unazaa wepesi. Uzito nao uko hivyohivyo, ukiongeza kilo 50 juu utahitaji breki kubwa, breki kubwa zinataka rimu kubwa, rimu kubwa zinataka springi ngumu, unajikuta umejenga gari nyingine kabisa.

Muingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya gari za spoti ya Lotus, maisha yake yote alishikilia hoja hii, kwamba nguvu inakupa spidi kwenye barabara iliyonyooka lakini wepesi unakupa spidi kila mahali. Mwaka 1957 akatoa Lotus Seven, gari ambayo ukiiangalia ni fremu ya mabomba, injini, viti viwili na tairi nne zimetoka nje ya bodi, basi. Kampuni ya Caterham walichukua haki ya kuitengeneza mwaka 1973 na mpaka leo wanaiuza, ile Seven 170 yao ina injini ya Suzuki ya cc 660 na uzito wake ni kama kilo 440. Mwaka 1962 ikaja Lotus Elan, bodi ya faiba juu ya uti wa mgongo wa chuma. Alafu Elise ya 1996, hii kwangu mimi ndo ya ajabu kuliko zote, chesisi yake ni aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi, haikuchomelewa, chesisi nzima kilo 68, unaweza kuibeba wewe na rafiki yako mkaivusha barabara. Gari kamili ilikuwa kama kilo 725.

Roadster ya Mazda imetoka ukoo huo. Ilizinduliwa Chicago Februari 1989, kiongozi wa mradi alikuwa Toshihiko Hirai, na wazo alilowapa watu wake lilikuwa la Kijapani la zamani, mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Boneti wakaitengeneza kwa aluminiamu, betri wakaipeleka nyuma kwenye buti ili mizigo isawazike mbele na nyuma, giaboksi na difu wakaziunganisha kwa fremu ya aluminiamu ili ukikanyaga mafuta gari ijibu hapohapo bila kujikunja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana ukiwa nje, lakini vyote unavisikia mgongoni ukiwa umekaa.

Na kwetu pia hii habari si ngeni. Wazee wa Safari Rally watakukumbusha mwaka 1974 Joginder Singh alivyoshinda na Mitsubishi Lancer ya 1600, gari ndogo tu, Porsche 911 ya Björn Waldegård ikaja ya pili.

Hatua ya kwanza, jifunze kuiangalia

Usicheke, hii ni hatua kamili na usiiruke. Tafuta sehemu ya wazi, kiwanja cha shule jumapili jioni kinafaa sana, egesha gari ubavu wake ukiangalia jua linalozama. Rudi nyuma hatua kumi na tano. Chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa kitasa cha mlango.

Angalia kwanza tairi ziko wapi. Kwenye gari nzuri nyepesi tairi zimesogea pembeni kabisa, mbele ya tairi la mbele kumebaki kipande kidogo cha bodi na nyuma ya tairi la nyuma vilevile. Hicho ndicho kinachoifanya ionekane imesimama kwa miguu yake kama paka anayetaka kuruka. Alafu angalia mtu anakaa wapi, kwenye Roadster unakaa karibu na tairi la nyuma kuliko la mbele, boneti ni ndefu na mkia ni mfupi, na mstari wa juu wa mlango uko chini kiasi kwamba kiwiko kinakaa pale chenyewe.

Sasa subiri jua lishuke zaidi uangalie mwanga unavyotembea ubavuni. Roadster ya kwanza haina mikunjo mikali, haina zile mistari zilizokatwa kama kwa kisu ambazo gari za siku hizi zinazo, ubavu wake ni mviringo mmoja mrefu, na mwanga unakaa juu yake kama utepe, unapanda kwenye bega la tairi la mbele, unashuka mlangoni, unapanda tena nyuma. Shunji Tanaka aliyemalizia umbo lake alisema alichukua kwenye vinyago vya tamthilia ya Noh ya Kijapani, vile ambavyo sura ni ileile moja lakini ukiinamisha kidogo mwanga ukabadilika, kinyago kinaonekana kimecheka au kimehuzunika. Mimi nilisoma hiyo habari nikaona ni maneno ya wabunifu tu, mpaka siku nimekaa na gari kuanzia saa kumi na moja hadi giza limeingia nikaiona mwenyewe ikibadilika. Hata taa zake za nyuma tu zimewekwa kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, kama kazi ya ubunifu.

Faida ya pili ya hili zoezi ni ya mfukoni kabisa. Utepe wa mwanga ukikatika, ukatetemeka, ukafanya mawimbi sehemu moja, hapo gari iligongwa na fundi kajaza puti, ile dawa ya kusawazisha mabonde kabla ya rangi. Rangi inaweza kukudanganya, mwanga hauwezi.

Hatua ya pili, chagua ipi

Kuna vizazi vinne. Cha kwanza cha 1989 ndo chenye taa za kuibuka, zile zinazojificha kwenye bodi mpaka uziwashe. Cha pili kilikuja 1998, taa zikawa za kawaida, lakini chini ni ndugu yuleyule. Cha tatu 2005, kilinenepa. Cha nne 2015 na hapa Mazda walirudi kwenye mstari, ni kifupi hata kuliko cha kwanza, na ile ya Japan ya injini 1.5 toleo la S ilitoka na kilo 990 pamoja na eabegi na vyuma vyote vya usalama ambavyo ya 1989 haikuwa navyo. Mtu akiniuliza cha kununua leo kwa matumizi ya kila siku namwambia hicho cha nne bila kusita. Cha kwanza ni kwa mtu ambaye yuko tayari kuitunza.

Uko wapi nako kunaamua. Mkenya hawezi kuagiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kama unataka ya zamani tafuta iliyokwisha ingia nchini. Uganda mwisho ni miaka 15. Tanzania ya zamani inaingia lakini ushuru unaongezeka kwa umri, piga hesabu ya ushuru kwanza kabla ya kupenda picha. Sisi wote watatu tunaendesha kushoto kwa hiyo za Japan zinatufaa moja kwa moja. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi, Kongo, Muscat na Dubai tafuteni zenye usukani wa kushoto, ile ya Marekani inaitwa Miata na ya Ulaya inaitwa MX-5, gari ni ileile.

Kama Roadster haipatikani, ukoo una ndugu wengi wadogo waliotoka Japan miaka ya mwanzo ya 90, Honda Beat na Suzuki Cappuccino za 1991, zote injini chini ya cc 660 na uzito kati ya kilo 700 na 760. Ni ndogo mno, mtu mrefu aingie kwanza akae ndani kabla ya kutoa hela.

Hatua ya tatu, kagua kabla hujalipa

Hapa nataka tukae kidogo maana hela nyingi zinapotelea hapa.

Adui namba moja ni kutu, na kutu ya Roadster inaanzia juu. Maji ya mvua yanayotoka kwenye turubai yanaingia kwenye mfereji nyuma ya viti, yanashuka kwenye vitundu viwili, kimoja kila upande, yanatokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Vile vitundu vikiziba na vumbi na majani, maji yanatafuta njia nyingine, yanaingia ndani ya boksi la chini ya mlango na kukaa humo. Wewe huoni kitu. Miaka mitatu baadaye unabonyeza kwa kidole gumba pale mbele ya tairi la nyuma na kidole kinazama.

Kwa hiyo siku ya kukagua nenda na chupa ya maji ya nusu lita. Kunja turubai, mimina maji taratibu kwenye kona ya nyuma ya kiti upande mmoja, rafiki yako awe amelala chini anaangalia. Maji yakitoka mfululizo, safi. Yakidondoka tone tone, kumeziba. Yasipotoka kabisa na ukasikia yanacheza ndani ya bodi, hapo bei ishuke sana au uondoke. Rudia upande wa pili. Kuzibua tumia uzi mnene wa nailoni ule wa mashine ya kukatia majani, usitumie waya wa chuma utatoboa mpira wa ndani. Na sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar na hewa yetu ya chumvi hili zoezi ni kila mwanzo wa mvua, masika na vuli, halina mjadala.

Chukua na sumaku ndogo ya friji, ifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe bodi nzima. Ikigoma kunata sehemu ya chuma kuna puti. Lakini kwenye boneti haitanata kabisa na usishtuke, ni aluminiamu. Ikinata kwenye boneti ndo ushtuke, maana ina maana ya kiwandani ilishaondoka.

Ya 1989 hadi katikati ya 1991 yenye injini 1.6 angalia pulei ya mbele ya krenki. Ukiona mikato minne ni ile yenye pua fupi, ambayo ikifungwa vibaya kipini chake kinalegea na krenki inaharibika, mikato minane ni ile iliyorekebishwa. Haimaanishi usinunue ya minne, yangu ni ya minne, ila muulize muuzaji nani alibadilisha taimingi belti mara ya mwisho na alifungaje boliti. Belti yenyewe ni kila kilomita 100,000, na habari njema ni kwamba kwenye injini hii hata ikikatika valvu hazigongani na pistoni.

Alafu vua zulia la buti, shika kwa mkono uone kama kuna unyevu. Fungua taa ziibuke zote mbili kwa pamoja. Zima. Moja ikichelewa ni mota au bushi zake, si ugonjwa wa kifo.

Hatua ya nne, toa kwanza

Sasa gari ni yako. Mwezi wa kwanza usinunue kitu chochote, toa tu. Mimi nilianza na boksi la sabufa pamoja na amplifaya, likafuata spoila la nyuma ambalo lilikuwa zito ajabu, mtu kaiweka ya faiba akajazia puti juu. Sketi za pembeni nazo hivyohivyo. Nilipopeleka gari kwa fundi bodi kuziba matundu ya spoila akaniangalia akaniambia, "Kaka, hapa tukiziba gari itabaki uchi." Nikamwambia fundi, iache uchi, hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Alipomaliza akasimama nyuma ya gari muda mrefu kidogo, akaniambia sasa mkia unaonekana.

Kuna vya kutoa na kuna vya kutogusa, tusichanganye wepesi na ujinga. Usitoe chuma kilichoko nyuma ya bampa, kile kinakulinda ukigongwa. Usitoe mikanda, usitoe eabegi kama gari yako ilitoka nayo. Tairi la spea linafika zaidi ya kilo 10 na wenzetu wa Ulaya wanalitoa, ila kwa barabara zetu mi naliacha, kupata pancha saa mbili usiku Segera bila spea si wepesi ni mateso. AC pia nimeiacha. Nikihamia Njombe kwenye baridi tutaongea.

Hatua ya tano, rimu na tairi

Hapa ndo pana raha na hapa ndo watu wanakosea zaidi. Roadster ya kwanza ilitoka na rimu za inchi 14 na tairi 185/60. Yangu ilikuja na inchi 17. Kwa macho zilijaza matao ya bodi vizuri, sikatai, lakini kila tundu la barabara lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno, na usukani ulikuwa umekufa, haukuambii tairi inafanya nini.

Sababu ni kwamba uzito wa tairi na rimu haujabebwa na springi. Springi na shokapu zinatakiwa ziurudishe ule uzito chini kila unapopita juu ya bonde, na ukiwa mzito hazifiki kwa wakati, tairi inaelea sekunde kidogo, gari inapoteza mshiko. Tena ni uzito unaozunguka, injini inahangaika kuuzungusha na breki zinahangaika kuusimamisha. Kilo moja hapa inauma kuliko kilo moja kwenye buti.

Kwa hiyo baki inchi 14 au mwisho 15 na tairi 195/50. Rimu za kiwandani za petali saba ni nyepesi sana kwa umri wake, ukizipata usiziuze. Kama unanunua nyingine uliza kilo kabla ya kuuliza bei, muuzaji asiyejua mwambie azipime mbele yako, mizani ya sokoni inatosha. Chini ya kilo 6 kwa inchi 15 ni nzuri.

Na sasa siri ya kwetu. Roadster ya kwanza ina boliti nne kwa mzunguko wa milimita 100 na tundu la kati milimita 54.1, na vipimo hivyo ni vilevile vya Vitz na Corolla nyingi za zamani. Maana yake rimu za kujaribia zimejaa kila gereji Afrika Mashariki! Nati nazo zote ni milimita 12 kwa 1.5, ila hakikisha umbo la kikalio cha nati limelingana na rimu, ya mviringo kwa mviringo, ya koni kwa koni. Upana wa kuingia ndani angalia usiguse shokapu.

Upepo weka PSI 26 tairi zote, ndo kiwango cha kiwandani. Vijana wa upepo watakujazia 35 kwa mazoea, simama nao pale pale.

Muonekano wa rimu, nenda na kitu chenye spoku nyembamba zinazoonekana zote mpaka katikati, rangi moja, fedha au nyeupe au ile ya shaba iliyokolea kidogo. Rimu nyeusi kwenye gari ndogo inafanya tundu, miguu ya gari inapotea, ile habari ya paka inakufa.

Hatua ya sita, kimo

Kila mtu anataka kushusha. Nakuelewa, zile za picha za Japan zimelala chini nzuri kweli. Lakini kwetu matuta mengine yamejengwa kama kaburi, na shokapu ikikosa nafasi ya kusafiri gari inarukaruka, unapoteza ule ulaini ambao ndo utamu wenyewe. Anza na bushi. Gari ya miaka 30 na ushee bushi zake zimekufa zote, na mtu anashusha springi akidhani ndo atapata ukali kumbe kilichokuwa kinakosekana ni mpira wa elfu kadhaa. Badilisha bushi zote, shokapu nne mpya za kiwango cha kawaida, peleka alaimenti, endesha mwezi. Bado ukitaka kushusha, sentimita 2 mpaka 3 inatosha na jicho litaona.

Hatua ya saba, rangi

Kanuni yangu ni rangi tatu kwa gari nzima, bodi, rimu, ndani. Ukifika ya nne jicho linaanza kuhangaika.

Rangi bapa zisizo na chenga za kumetameta zinaifaa sana hii gari kwa sababu ya ule utepe wa mwanga. Nyekundu, nyeupe, buluu ya kiwandani, au ile ya kijani iliyokolea ya toleo la V Special la 1990 ambalo lilikuja na ngozi ya kahawia ndani na usukani wa mbao wa Nardi. Ile kijani na kahawia, jamani.

Yangu ni nyekundu na ilikuwa imegeuka waridi mgongoni kote. Fundi wa kwanza akaniambia ipigwe rangi upya. Subiri kwanza kabla hujakubali hilo, ile nyekundu ya kiwandani haina lakeri juu, yaani ule utando angavu wa kukinga rangi, rangi ndo imekaa wazi kabisa, kwa hiyo jua linachoma ngozi ya juu tu. Nilichukua kitambaa laini na polishi yenye mchanga mwembamba nikaanza na kipande cha ukubwa wa sahani kwenye buti. Kitambaa kikawa chekundu kama nimefuta damu, nikaogopa nimeitoboa. Nikafuta, na chini yake ikatokea nyekundu mbichi kama nyanya. Nilimaliza gari nzima wikiendi mbili, kwa mkono, kivulini, kipande kwa kipande. Usibonyeze kwenye kingo, pale rangi ni nyembamba. Ukimaliza paka nta, na urudie nta kila baada ya miezi mitatu maana jua letu halisamehe.

Mistari ya stika, maandishi, taa za ziada mbele, hapana. Ule mdomo wa mbele ni sura, ukiubandikia taa mbili za ukungu umeuvalisha miwani mtu asiyeihitaji. Vitasa vyake vya mlango vya chuma vyembamba vinavyovutwa kwa kidole ving'arishe tu. Kama kuna paa gumu la kuondoa, ni kama kilo 20 hivi, zuri kwa mvua, lakini muonekano wa kweli wa hii gari ni turubai jeusi limekunjwa.

Hatua ya nane, ndani

Ndani usiharibu utupu wake. Dashibodi ni mstari mmoja, matundu ya hewa ni mviringo, saa ziko mbele yako zote, na viti vya kitambaa vya mwanzo vilichorwa vikifuata mkeka wa tatami wa Kijapani, kwa hiyo vikichanika mpelekee fundi anayeweza kushona upya kitambaa chenye mistari inayofanana, usikimbilie ngozi ya bandia ambayo saa saba mchana inakuunguza mapaja. Kirungu cha gia cha kiwandani safisha na ukirudishe. Gia za hii gari zinasafiri sentimita chache tu, kila ukibadili unasikia chuma kimeingia mahali pake, kirungu kizito cha dukani kinafuta hiyo hisia. Zulia liache, bila hilo joto la eksosi linapanda mguuni.

Turubai lina zipu ya dirisha la plastiki la nyuma. Kila mara kabla hujakunja, fungua zipu ulilaze dirisha bapa, ukisahau plastiki inakunjika na mkunjo haurudi. Plastiki ifute kwa maji na kitambaa cha pamba, si kwa tishu.

Baada ya yote hayo rudi kwenye mizani ileile, nusu tanki ileile, buti tupu. Yangu ilisoma 960. Yule kijana wa mizani alinikumbuka, akauliza umetoa injini? Nikamwambia ingia twende, tukazunguka mpaka njia panda ya pili na kurudi, turubai likiwa chini, na kwenye ile kona ya kurudi kiwandani ambayo malori yanapunguza mpaka gia ya pili hatukugusa breki kabisa.